UZI: Kupima hulka ya kiimla na chuki ya kibaguzi kwa Kiswahili: madodoso mengi yanapima adabu ya mhojiwa

Kipimo_Sahihi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Madodoso ya kupima "mtazamo wa kiimla", yaani kupenda utii usiohoji na mkono wa mabavu, yamekuwa mengi siku hizi. Yapo ya wanafunzi wa uzamili, ya asasi, hata ya vyumba vya habari. Mengi ni tafsiri ya neno kwa neno ya kauli zilizotungwa California miaka ya 1940. Mtu anatafsiri, anachapa nakala 300, anawakabidhi wadodosaji, matokeo yanarudi yakionyesha karibu kila mhojiwa ana alama za juu, kisha anaandika kwamba jamii yetu inapenda mabavu. Hilo ni hitimisho zito kuhusu watu wazima wenye akili zao, na mara nyingi halina msingi. Naomba tulichambue hapa, kuanzia kwenye kipimo chenyewe.

Mwaka 1950 Theodor Adorno, Else Frenkel-Brunswik, Daniel Levinson na Nevitt Sanford walitoa kitabu kikubwa kuhusu haiba ya kiimla. Kazi hiyo ilifanyika Berkeley na ilifadhiliwa na Kamati ya Wayahudi wa Marekani. Swali lao lilikuwa la maumivu: watu wa kawaida, majirani wa jana, wanafikaje mahali pa kushangilia Unazi? Frenkel-Brunswik mwenyewe alilazimika kuikimbia Vienna mwaka 1938. Wakaunda kipimo walichokiita F, yaani fashisti, chenye sehemu tisa: kung'ang'ania mila za kawaida, kuwatii wakubwa bila kuhoji, ukali kwa wanaovunja kanuni, kuogopa kujichunguza nafsi, ushirikina na fikra mgando, kutukuza nguvu, kuwadharau binadamu, kuona njama kila mahali, na kushughulika kupita kiasi na mambo ya ngono ya wengine.

Wazo lilikuwa kubwa, ila kipimo kilikuwa na tundu. Kauli zote zilielekea upande mmoja: ukikubali, unaongezewa alama. Majibu yalikuwa kutoka -3 hadi +3 bila sifuri, kisha yakageuzwa kuwa 1 hadi 7. Hakukuwa na kauli hata moja ambayo kuikataa ndiko kungeonyesha uimla.

Tazameni hesabu yake. Chukua kauli 10 na mhojiwa mpole anayemjibu mgeni "nakubali" kwa kila kitu, kila mara anaweka 6. Kwa kipimo cha upande mmoja anapata 60 kati ya 70, na ripoti inamwita mtu wa kiimla. Sasa geuza kauli 5 ziwe kinyume, na alama zake uzihesabu kwa 8 kutoa jibu. Mtu yule yule, na 6 zake zile zile, anapata 30 kwa zile tano za kwanza na 10 kwa zile zilizogeuzwa. Jumla 40, katikati kabisa ya kipimo. Ile tofauti ya alama 20 ilikuwa upole wake kwa mgeni.

Kasoro ya pili ni elimu. Kauli nyingi za F ni za jumla mno na zina ukali wa methali, na watu waliosoma zaidi huwa wagumu kukubali kauli za namna hiyo hata kama mioyoni wana chuki ile ile. Herbert Hyman na Paul Sheatsley walilisema hili mwaka 1954, wakaongeza kwamba wahoji wa Berkeley walikuwa wameshasoma majibu ya dodoso ya mtu kabla ya kwenda kumhoji. Ukishajua mtu ana alama za juu, utausikia uimla hata kwenye kikohozi chake.

Aliyeziba tundu la kauli za upande mmoja ni Bob Altemeyer wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Winnipeg. Kitabu chake cha 1981 kilionyesha kuwa katika sehemu zile tisa ni tatu tu zinazotembea pamoja kitakwimu: utii kwa mamlaka, ukali unaoonekana kuruhusiwa na mamlaka hiyo, na kushikilia desturi. Kipimo chake kina nusu ya kauli za upande huu na nusu za upande ule. Toleo lake linalojulikana sana lina kauli 22, mbili za mwanzo ni za kumzoesha mtu na hazihesabiwi. Majibu ni -4 hadi +4, unayageuza kuwa 1 hadi 9, hivyo jumla inaanzia 20 hadi 180 na katikati ni 100.

Karibuni tuendelee. Wenye uzoefu wa kutunga kauli kwa Kiswahili nawaomba sana mchangie.

---

Bi_Takwimu

Asante kwa uzi mkuu. Naongezea jambo moja linalowaponza wengi: alfa ya Cronbach.

Mtu akihojiwa kuhusu kipimo chake anajibu haraka, "alfa yangu ni 0.83, kipimo kiko imara." Alfa inakuambia kauli zako zinapanda na kushuka pamoja. Haikuambii ni nini kinachozipandisha. Kama wahojiwa wako wanatofautiana kwa tabia ya kuitikia tu, wengine waitikiaji na wengine wabishi, kauli za upande mmoja zitapanda pamoja vizuri sana na alfa itatoka nzuri. Yaani kasoro yenyewe ndiyo inayokupa namba ya kujivunia.

Halafu alfa hupanda kwa wingi wa kauli peke yake. Tuseme wastani wa uwiano kati ya kauli na kauli (yaani majibu yake yanavyokwenda pamoja, 1 ikiwa ni pamoja kabisa na 0 hakuna uhusiano) ni 0.2, ambao ni mdogo. Ukiwa na kauli 10, alfa ni 0.71. Ongeza ziwe 20 zenye uwiano ule ule, inafika 0.83. Hujaboresha chochote, umemchosha mhojiwa tu.

Ninachoshauri: kokotoa wastani wa kauli za mwelekeo wa mbele peke yake na za kinyume peke yake, kisha angalia uwiano wa nusu hizo mbili kabla ya kugeuza alama. Inatakiwa uwe hasi na wenye nguvu. Ukiuona uko karibu na sifuri, au chanya, simama hapo hapo. Usijumlishe alama. Wahojiwa wako wanaitikia, au hawakuzielewa zile za kinyume.

---

Mwana_wa_Pwani

Hapo kwenye kuzielewa za kinyume ndipo penye shida kubwa kwetu, na shida yenyewe iko kwenye sarufi.

Wengi wakitaka kauli ya kinyume wanachomeka kanushi: "Raia wanapaswa kumtii kiongozi" inakuwa "Raia hawapaswi kumtii kiongozi." Halafu jibu ni "nakubali" au "sikubali". Sasa mtu anayeona raia wanapaswa kutii inabidi aseme "sikubali kwamba hawapaswi". Kanushi mbili kwa pigo moja, tena anasomewa kwa sauti akiwa amesimama kibarazani na mtoto mgongoni.

Ukitumia ndiyo na hapana ndiyo balaa zaidi. Muulize Mswahili "Hujala?" Kama kweli hajala atajibu "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu inakubaliana na usemi wa muulizaji. Mtafiti aliyezoea Kiingereza anaweka alama ya "amekula". Ukiwa na wadodosaji sita, watatu wakiandika kwa mazoea ya Kiswahili na watatu kwa mazoea ya Kiingereza, hakuna takwimu itakayoisafisha data hiyo tena.

Dawa yake ni kutunga kinyume kwa maneno ya kuthibitisha. Usiseme "hawapaswi kutii". Sema "Raia mwema humwuliza kiongozi maswali magumu mbele ya watu." Hapo hakuna si wala ha-, na ni kinyume cha kweli cha utii usiohoji. Kila kauli ibebe wazo moja. Ukisema "Nchi inahitaji kiongozi mkali anayechukia rushwa," mtu anakubali kwa sababu ya rushwa, wewe unahesabu ukali.

---

Mtafiti_Nakuru

Swali kutoka Kenya. Nimeona wengine wameachana na kauli kabisa, wanatumia yale maswali manne ya malezi ya watoto. Hayo si salama zaidi? Hayataji siasa wala kundi lolote.

---

Kipimo_Sahihi

Ndugu Mtafiti, swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo.

Maswali hayo yamo kwenye utafiti wa kitaifa wa uchaguzi wa Marekani tangu 1992. Mhojiwa anapewa jozi nne za sifa za mtoto na anachagua moja katika kila jozi: kujiamulia mambo au kuheshimu wakubwa, utii au kujitegemea, udadisi au adabu, kujali wengine au kuwa na mwenendo mzuri. Jibu la utii ni 1, la uhuru ni 0, akisema yote mawili ni 0.5. Stanley Feldman na Karen Stenner waliyapenda kwa sababu nzuri. Kauli za Altemeyer zinataja dini, mashoga na wapinga serikali. Ukizitumia kutabiri chuki dhidi ya watu hao hao unazunguka duara. Malezi yanakutoa kwenye duara hilo.

Lakini ziweke jozi hizo kwa Kiswahili uone. Jozi ya kwanza ina neno la Kiingereza la kutotegemea mtu, ya pili ina neno la kujitosheleza. Kwetu yote mawili mtafsiri anaandika "kujitegemea". Tayari jozi mbili zimeingiliana. Na kwa Tanzania neno hilo lina historia yake: Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya 1967. Kujitegemea lilikuwa somo la serikali, likafundishwa darasani na kuimbwa. Mzee anayechagua "kujitegemea" huenda anarudia mafundisho ya mamlaka, nanyi mnamwandikia 0, yaani si mtiifu.

Njoo kwenye "kuheshimu wakubwa". Kwa jamii inayoanza siku kwa shikamoo, nani atachagua kitu kingine mbele ya mdodosaji? Karibu wote watapata 1. Swali ambalo kila mtu amejibu sawa haliwezi kuhusiana na kitu chochote, na kutafsiri kurudi kwenye Kiingereza hakutakuonya, kwa sababu "heshima" itarudi sahihi kabisa. "Udadisi" nao, kwa masikio ya wengi, uko jirani na umbeya.

Si tatizo letu peke yetu. Efrén Pérez na Marc Hetherington walionyesha mwaka 2014 kwamba hata ndani ya Marekani maswali hayo hayapimi kitu kimoja kwa weusi na kwa weupe, kwa hiyo kulinganisha wastani wa makundi hayo mawili ni kosa.

Kinachofaa zaidi ni visa vifupi ambavyo pande zote mbili zina adabu. Mfano:

"Mtoto wa darasa la sita ameambiwa na baba yake asicheze tena na watoto wa nyumba ya pili. Hakuambiwa sababu. Yupi amelelewa vizuri zaidi: anayesema 'Sawa baba' na kuacha, au anayesema 'Sawa baba, ila naomba nijue sababu'?"

Wote wawili wameitikia "Sawa baba." Heshima imetolewa kwenye mizani, kimebaki kile unachokitafuta: je, amri inahitaji sababu? Tunga vitano au sita vya aina hiyo, vingine vya mwalimu, vya mwenyekiti wa kijiji, vya kiongozi wa dini. Nusu ya nakala geuza mpangilio wa majibu.

Kabla ya kwenda uwandani keti na watu 10 mmoja mmoja, si wanafunzi wenzako. Soma kisa, kisha uliza: "Kwa maneno yako, hapa tunauliza nini?" Watatu wakikueleza kitu kingine, kisa hicho kitupe.

---

Njiwa_Manga

Nawafuatilia kwa makini. Naomba kueleweshwa: mtu akipata alama za juu za uimla basi ni mbaguzi moja kwa moja?

---

Mwl_Saikolojia

Hapana dada Njiwa, na kulichanganya hilo kunaumiza watu.

Kuna njia mbili za kufika kwenye chuki. John Duckitt, aliyeanzia Afrika Kusini kisha akahamia Auckland, alizipanga vizuri mwaka 2001. Njia ya kwanza ni ya mtu anayeiona dunia kama mahali pa hatari. Anataka utulivu, desturi, mkono imara. Huyu anawachukia wale anaoambiwa wanaharibu mpangilio. Njia ya pili ni ya mtu anayeiona dunia kama pori la mwenye nguvu mpishe. Huyu hana habari na desturi, anachotaka ni kundi lake libaki juu. Anawadharau wale walio chini, au wanaoanza kupanda. Huyo wa pili hupimwa kwa kipimo cha Jim Sidanius na Felicia Pratto cha miaka ya 1990, chenye kauli 16, nane zikiwa za kinyume. Ukitumia kipimo kimoja tu utamkosa mmoja wao, na dawa ya huyu haimtibu yule.

Kisha kuna hoja ya Stenner ya 2005: hulka ya kiimla inaweza kulala miaka. Kinachoiamsha ni hisia kwamba umoja wa jamii unavunjika, kwamba viongozi hawaaminiki na watu hawakubaliani tena juu ya lolote. Wakati wa utulivu mwenye alama za juu na mwenye za chini wanaweza wasitofautiane sana. Kwa hiyo andika tarehe ya kila usaili, na andika kinachoendelea nchini wiki hiyo. Nusu ya data ikikusanywa kabla ya kampeni na nusu katikati ya kampeni, hizo ni data mbili.

Na uimla hauna chama. Sam McFarland pamoja na Vladimir Ageyev na Marina Abalakina walipima Urusi mwishoni mwa enzi ya Kisovieti, wakachapisha 1992. Waliopata alama za juu kule ndio waliotetea ukomunisti na usawa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa desturi na ndiyo ilikuwa mamlaka.

---

Bi_Takwimu

Tuje kwenye chuki yenyewe, maana kuiuliza uso kwa uso ni kazi bure pale ambapo kila mtu anajua jibu la heshima ni lipi.

Mbinu ya orodha inasaidia. Wagawe wahojiwa kwa bahati nasibu. Nusu wasomewe mambo matatu, nusu mambo yale yale pamoja na la nne lenye siri, kwa mfano "Mwanangu kuoa au kuolewa na mtu wa kabila lingine." Usiulize ni yapi. Uliza ni mangapi yanamkera. Kundi la kwanza likiwa na wastani wa 1.80 na la pili 2.15, tofauti ya 0.35 ndiyo makadirio yako: asilimia 35. Hakuna hata mhojiwa mmoja aliyejifichua.

Inapoharibika:

Kama mambo matatu ya kawaida yote yanakera kila mtu, mhojiwa atakayesema "manne" amejifichua, na analijua hilo. Weka moja linalokera karibu wote, moja lisilokera karibu mtu yeyote, na la tatu la katikati.

Ukubwa wa sampuli. Mchepuko (yaani majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ukiwa 0.8 na watu 250 kila kundi, makadirio yako yana pengo la karibu asilimia 14 kila upande. Kwa hiyo ile 35 inaweza kuwa 21 au 49. Kwa watu 1,000 kila kundi, pengo linashuka hadi 7. Swali la moja kwa moja kwa wale 500 lingekupa pengo la 4 tu. Unanunua ukweli kwa bei ya usahihi, na bei ni kubwa. Mwenye bajeti ya watu 200 asiiguse mbinu hii.

---

Mtafiti_Nakuru

Nashukuru sana Bi Takwimu na Kipimo. Nimefuta nusu ya hojaji, na ni afadhali. Jambo moja linanisumbua: tukishapima, kuna kitu kimethibitika kupunguza chuki hizi, au tunapima tu?

---

Mwl_Saikolojia

Kipo, ila usitarajie kitabadilisha kila kitu kwa pamoja.

Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza chuki pakiwa na masharti manne: hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na mamlaka kuunga mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 mwaka 2006 wakapata uwiano wa wastani wa -0.21 kati ya kukutana na chuki. Ni mdogo, ila upo.

Kinachonigusa zaidi ni Rwanda. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya wasikilizaji wa mchezo wa redio *Musekeweya*, unaohusu vijiji viwili vinavyogombana. Vikundi vya kulinganisha vilisikiliza mchezo wa afya. Matokeo aliyoyatoa 2009: imani binafsi za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichoona kinakubalika katika jamii, na mwenendo wao. Mwishoni kila jamii ilipewa redio ya kaseti na kaseti zake, wakaachwa waamue itunzwe vipi. Waliosikiliza mchezo wa afya kwa kawaida walikubali haraka akabidhiwe kiongozi wa eneo. Waliosikiliza *Musekeweya* walijadili, wakapingana, wakaelekea kuitunza kwa pamoja. Yaani utii wa haraka kwa mkubwa ulipungua, katika nchi iliyokuwa imeona utii wa aina hiyo ulikoifikisha mwaka 1994.

Na sera ya nchi ina uzito wake. Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania mwaka 2004. Busia, maeneo yenye mchanganyiko wa makabila yalikuwa na michango midogo ya shule. Meatu, mchanganyiko haukuwa na athari hiyo. Yeye alihusisha tofauti hiyo na siasa ya kujenga taifa: Kiswahili, mitaala, serikali za vijiji. Ni wilaya mbili tu, msizibebeshe bara zima.

---

Mwana_wa_Pwani

Nyongeza ya mwisho kwa wanaoingia uwandani, hasa Mtafiti.

Kabila la mdodosaji linabadilisha majibu. Claire Adida na wenzake walilionyesha mwaka 2016 kwa data za Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi katika nchi za Afrika: mtu hujibu tofauti akiulizwa na wa kabila lake na akiulizwa na wa kabila lingine, hasa maswali ya kikabila. Wagawe wadodosaji kwa bahati nasibu ndani ya kila eneo, na uandike lugha ya nyumbani ya kila mmoja kwenye safu yake. Usimpange mtu "kwao" kwa kuwa nauli ni nafuu.

Mwenyekiti wa mtaa akikusindikiza, mwombe kwa heshima aishie kwenye utambulisho. Akikaa kwenye kiti cha jirani, maswali ya utii yote yameshajibiwa. Mdodosaji aandike nani mwingine alikuwepo wakati wa usaili: mume, mama mkwe, balozi wa nyumba kumi.

Na swali la mwisho kabisa, baada ya kushukuru, liwe lile ambalo Afrobarometer nao huuliza: "Unadhani ni nani aliyetutuma kufanya utafiti huu?" Usimsomee majibu, mwache ataje mwenyewe. Kisha tenga waliosema "serikali" na waliotaja wengine, uchambue alama za utii kwa kila kundi peke yake kabla hujaandika sentensi hata moja ya ripoti.